Mwanafunzi wa Mstari wa Mbele

Kwa miaka arobaini na moja funguo za Ndaki ya Insia na Sayansi zilikuwa kiunoni mwangu, kwa hiyo mtu asinifundishe habari za ndaki hiyo. Wakuu wa ndaki kumi na wawili nimewafungulia milango asubuhi, akiwemo yule mmoja aliyekuwa hasalimii mtu kabla hajanywa kahawa. Najua ngazi ipi inalia ukiikanyaga. Najua ni maprofesa gani waliwahi kulala ofisini baada ya kugombana na wake zao. Jina langu ni Oili Turpeinen, bawabu mstaafu, na jengo lile nililipenda kuliko nilivyompenda mume wangu, naye alilijua hilo na hakununa sana.

Novemba iliyopita Reetta Kohvakka alitetea tasnifu yake ya udaktari, na tasnifu yenyewe ilikuwa historia ya ndaki yetu, tangu ilipokuwa chuo kidogo cha walimu hapa Kuikkaniemi mpaka leo. Utetezi kwetu ni wa hadhara, anayetaka anaingia. Nilivaa gauni langu jeusi, nikaenda kumtoa dada yangu Aune nyumbani kwake.

Aune ana miaka sabini na sita. Alifanya kazi kiwanda cha siagi tangu ana miaka kumi na mitano, na kiwanda kilikuwa ng'ambo ya barabara tu, mkabala na mlango wa ndaki. Hata hivyo alikuwa hajakanyaga ukumbi wetu kwa miaka arobaini na minane.

“Siendi,” alisema, bado anafuta vyombo. “Kule kwa wasomi.”

“Baadaye kuna kahawa. Na maandazi ya iliki.”

“Ya dukani?”

“Kaoka mama yake Reetta mwenyewe.”

Alifikiri kidogo. “Nitakaa nyuma, karibu na mlango. Na wewe, mdogo wangu, ufunge mdomo wako. Nakujua.”

“Kwani nimesema nini?”

“Hujasema. Ndiyo maana nakwambia mapema.”

Hofu yake ilikuwa na mizizi. Kwetu kila mtu anaijua hadithi ya tarehe kumi na mbili Februari mwaka 1971. Wizara ilikuwa imetuchoka. Ilisema ndaki moja kufundisha historia na lugha upande huu, fizikia na viumbe wa majini upande ule, ni vituko vya watu wa mikoani. Sayansi ihamishiwe kusini, insia ibaki ijifie yenyewe. Ikamtuma mkaguzi aje saa nne asubuhi aone kama ukumbi una watu. Sasa chuoni kwetu saa nne maana yake ni saa nne na robo. Robo ile ni haki ya kila mwanafunzi tangu zamani, na mhadhiri anayeanza saa kamili anaonekana hana malezi. Lakini siku ile, hadithi inasema, wanafunzi kwa kuipenda ndaki yao waliisamehe robo yao. Mkaguzi alipoingia saa nne kamili aliwakuta wamejaa, na muda si muda wengine wakafurika hadi koridoni. Ndaki ikapona.

Tangu hapo, kila ifikapo tarehe hiyo, masomo kwetu huanza saa kamili, na picha ya siku ile imetundikwa kwenye lango kuu. Vichwa vimebanana, na mstari wa mbele msichana ameinua mkono. Waliokuwa wanafunzi wakati ule sasa ni wakurugenzi na wabunge, na ukimwuliza yeyote atakwambia alikaa mstari wa mbele. Mstari wa mbele una viti kumi na viwili. Kwa hesabu yangu, waliokaa pale wamekwisha fika sabini.

Reetta aliiandika hadithi hiyo kwenye ukurasa wa 112, tena kwa uzuri. Aliandika pia kwamba msichana wa kwenye picha ndiye aliyeuliza swali lililomwanzishia mhadhiri wetu Urho Jäntti utafiti wake mkubwa, ule uliofanya hata watu wa nchi za mbali waulize Kuikkaniemi iko wapi. Swali lilihusu samaki wa ziwa letu tunayemwita made: kwa nini katikati ya baridi kali anaacha kilindi chenye joto kidogo, anapanda kutaga mayai kwenye kina kifupi, chini kabisa ya barafu. Chini ya picha Reetta aliandika, “Mwanafunzi asiyejulikana.” Na shahidi wa mambo yote hayo alimtaja kwenye tanbihi: mahojiano na O. T., bawabu.

O. T. ni mimi. Reetta alikuja nyumbani na kinasa sauti, akala keki yangu vipande vitatu, nami nikamdanganya bila kupepesa jicho. Msichana yule hakuwa mwanafunzi. Ni dada yangu Aune.

Nilikuwa nimemwahidi kunyamaza. Aune anaamini serikali haisahau, kwamba tulimhadaa mkaguzi wake na siku wakijua wataifunga ndaki na sisi watatuita. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: jina lake liandikwe chini ya picha ile angali hai. Kitabu kilishachapwa siku kumi kabla, kama sheria inavyotaka, na baada ya utetezi kingekwenda rafu za maktaba na kukaa huko milele na uongo wangu ndani. Nilikuwa nimekisoma mara mbili. Usiku nilikosa usingizi, lakini ahadi ni ahadi, na asubuhi ile nilienda nikiwa nimekusudia kuinyamazia.

Ukumbi ulijaa, safari hii bila hila. Reetta aliingia mbele, nyuma yake msimamizi wa kikao Profesa Torsti Vehkala, kisha mtahini kutoka chuo kikuu cha Turku, Profesa Gunvor Sandell, wote wamevaa nyeusi, nasi sote tukasimama. Reetta alisoma hotuba yake ya dakika ishirini. Baba yake alikuwa mpasua mbao, na yeye alikuwa amesimama pale akieleza jinsi wenye vitabu vya kale na wenye darubini walivyogombea chumba kimoja cha kahawa hadi wakazoeana. Kifua kilinijaa.

Sandell alimhoji saa mbili nzima. Yule mama ana macho ya kuona kosa kwenye tanbihi ya tanbihi. Reetta alijibu kila kitu bila kutetereka. Kisha Sandell akafungua ukurasa wa 112.

“Huyu mwanafunzi aliyeuliza swali. Umemtafuta?”

“Miaka sita, Mheshimiwa Mtahini,” Reetta alisema. “Nimepitia orodha zote za usajili, nimewaandikia barua wahitimu mia mbili. Nasikitika kusema naamini hatajulikana kamwe.”

Aune, pembeni yangu, aliitazama mikono yake iliyolala mapajani. Hapo ndipo hasira iliponipanda, wala si kwa Reetta. Nilijikasirikia mwenyewe. Binti wa watu kazunguka miaka sita akitafuta mtu anayekaa nyumba ya tatu kutoka stendi ya mabasi, na anayejua ni mimi niliyemlisha keki.

Sandell alimaliza, akasimama, akatamka kwamba atapendekeza tasnifu ikubaliwe. Watu wakaanza kusogeza miguu, maana harufu ya kahawa ilikwisha kuingia. Limebaki jambo moja la desturi. Mtetezi hutugeukia sisi wa viti vya kawaida na kusema maneno yake, na hakuna anayejibu. Kwanza ni kutafuta lawama. Pili, atakayepinga ni lazima aalikwe kwenye karamu ya jioni, kwa hiyo watu watasema una njaa.

“Nawaomba wote wenye la kupinga katika tasnifu yangu,” Reetta alisema, “waombe nafasi kwa Msimamizi.”

Aune alinishika mkono wa gauni. “Kaa chini.”

“Sijasimama.”

“Najua. Kaa chini!”

Nikasimama.

Profesa Vehkala ndiye aliyekuwa akisahau funguo zake mara tatu kwa wiki, na nimemfungulia ofisi hata akiwa na viatu vya nyumbani. Alinitazama juu ya miwani. “Bi Turpeinen anayo nafasi,” alisema, na nusu ya ukumbi ikageuza shingo.

“Mheshimiwa Msimamizi,” nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, “nampinga shahidi wa ukurasa wa 112. Shahidi huyo ni mimi, na nilisema uongo.”

Nikaendelea, maana ningenyamaza nisingeanza tena.

Niliwaambia ilivyokuwa. Asubuhi ile saa tatu na nusu simu ililia kwenye kibanda changu. Ni mkaguzi, yuko stesheni. Nikamwambia karibu, masomo yataanza saa nne na robo. Akasema, “Bibi, barua inasema saa nne. Nitaingia saa nne, nitatazama ukumbi, na saa nne na robo nitakuwa narudi zangu.” Huyu hakuwa mtu wa chuo, hakuijua robo yetu. Na sisi, mkuu wa ndaki, wahadhiri, wote wenye akili zao, hakuna aliyefikiria kwamba mtu akiandika saa nne anaweza kumaanisha saa nne. Wanafunzi walikuwa bado mabwenini, wengine ndiyo kwanza wanavaa soksi. Angekuta viti vitupu na mimi na ufagio.

“Nilivuka barabara mbio bila koti,” niliwaambia. “Baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Kiwanda cha siagi na kiwanda cha mbao walikuwa wanakunywa kahawa bwalo moja, saa tatu na dakika arobaini na tano. Nikapiga kelele mlangoni kwamba ndaki inakufa baada ya robo saa. Dada yangu ndiye aliyesimama wa kwanza. Walikuja sitini na mmoja. Wanawake walivua vitambaa vyao vyeupe vya kichwani wakavificha chini ya viti, wanaume wakaficha kofia. Hata msimamizi wa zamu alikuja, yuko mstari wa tatu, yule mwenye masikio makubwa. Hao ndio mnaowaona kwenye picha. Wanafunzi walifika saa nne na robo kama kawaida yao, wakakuta hakuna pa kukaa, wakajipanga koridoni. Mkaguzi akaandika kwamba hata koridoni kumejaa!”

Kicheko kilianza mstari wa nyuma. Mbunge mmoja, ambaye sitamtaja, aliinamisha kichwa kama anatafuta kitu sakafuni. Waliojua walikuwa wamenyamaza, na kila mwaka waliojua walipungua na waliokaa mstari wa mbele wakaongezeka.

“Na aliyeinua mkono,” nikamaliza, “ni Aune Turpeinen, wa kiwanda cha siagi.”

Reetta alikuwa amepauka. Kwa desturi yetu mtetezi hawezi kusema tu asante, yaishe. Yuko pale kukitetea kitabu chake mpaka neno la mwisho.

“Bi Turpeinen,” alisema, na niliona anashikilia meza, “mwaka 2016 uliniambia walikuwa wanafunzi. Ninayo kanda. Leo unasema hawakuwa. Nishike lipi?”

“La leo.”

“Kwa ushahidi gani?”

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Ndivyo tulivyomlea. Kwetu neno la mtu halitoshi, hata awe alishika funguo miaka arobaini na moja. Nilisimama pale sina karatasi, sina chochote, na huku nikiona fahari kwa binti aliyenibana vile.

“Swali lake alilijua,” nilisema. “La made.”

“Swali liko kwenye kitabu,” Reetta alijibu kwa upole. “Yeyote anaweza kulisoma.”

Basi nimekwama, mbele ya mji mzima. Ndipo nikasikia kiti cha pembeni yangu kinalia, na Aune amesimama. Yeye hakuomba nafasi kwa msimamizi. Hakujua kama inaombwa.

“Mwacheni huyu mtoto,” alisema, mtoto akiwa ni mimi, mwenye miaka sabini na miwili. “Kutunza siri hajui na kusema kweli hajui. Nitasema mimi. Yule mwalimu, Jäntti, aliingia akatuangalia mara moja tu, akajua. Mikono yetu ilikuwa inamwambia. Akazikunja karatasi zake akazitia mfukoni, akaanza kutueleza ziwa letu lilivyo. Kwamba maji mazito kuliko yote ni ya nyuzi nne, yanazama chini, ndiyo maana kilindi hakigandi na samaki wanaishi. Halafu yule mama wa historia, Ahoranta, akasimama akaeleza mwaka wa njaa, barafu ilivyokaa mpaka Juni na watu wakaoka mikate ya maganda ya misonobari. Wakawa wanapokezana, huyu barafu, yule njaa. Mie nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba hayo ni jambo moja. Nikauliza habari za made. Akasema, ‘Sijui.’ Mwalimu mzima! Akaja akanipa chaki, akaniambia nichore pale ambapo baba yetu alikuwa anatega. Nikachora ghuba na vile visiwa vitatu, na mwamba ulio chini ya maji, wavuvi tu ndio wanaujua. Naye akawa ananakili kwenye karatasi yake. Ndiyo basi. Saa tano kengele ikalia, tukarudi kazini.”

Alitaka kukaa, lakini Reetta alikuwa ameshuka hatua moja kutoka jukwaani.

“Mwamba uliuchora upande gani?”

“Kaskazini ya kisiwa kidogo. Hapa.” Aune alichora hewani kwa kidole.

Reetta alikifuata kidole kwa macho. Alipofungua kinywa hakuzungumza tena na sisi. Alimgeukia msimamizi, kama inavyotakiwa.

“Mheshimiwa Msimamizi. Katika karatasi za marehemu Jäntti kuna mchoro wa ghuba. Visiwa vitatu, na alama kaskazini ya kisiwa kidogo. Sikuuingiza kwenye tasnifu kwa sababu sikuuelewa. Chini yake aliandika kwa mkono wake, ‘Kutoka kwa mikono inayonuka siagi.’” Akamtazama Aune. “Nilidhani alikuwa ametoka kula.”

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka huku wanajifuta macho, na mimi nililia waziwazi wala sikujificha. Aune ndiye peke yake hakucheka. Aliipeleka mikono yake nyuma, kisha akairudisha mbele.

“Ukurasa wa 112 una kosa,” Reetta alisema kelele zilipopungua. “Nakubali pingamizi.”

Vehkala alitazama saa, akatazama dari, hajawahi kuona mambo kama hayo. Profesa Sandell akamtoa aibu kwa kusimama. “Nina swali moja kwa Bi Aune, si rasmi. Jäntti alikuja kupata jibu?”

“Nusu,” Aune alisema. “Kitabu chake nimekisoma. Nusu nyingine bado.”

Utetezi ukafungwa. Kwenye kahawa watu walimzunguka dada yangu mpaka nikashindwa kumfikia. Mzee mmoja, mpasua mbao wa zamani, alimwita kwa jina lake la utotoni, na wahadhiri vijana wa viumbe wa majini walipanga foleni wamwulize mwamba uko wapi hasa. Nilisikia akiwajibu kwa sauti ya mtu anayefundisha. Hakuna aliyetaja serikali. Mkuu wa ndaki wa sasa, mwanamke mdogo mwenye haraka, alinishika bega akasema alikuwa hajawahi kujivunia kazi yake kama siku ile. Nikamwambia amechelewa, mimi najivunia tangu mwaka 1969.

Reetta alikuja na karatasi ya masahihisho, ile inayobandikwa ndani ya kila nakala kabla haijaenda maktaba, na kalamu. Kwanza alinitazama mimi. “Keki yako ilikuwa nzuri, Bi Oili,” alisema, “lakini jioni kwenye karamu nitakukalisha mbali na mimi.” Nilistahili.

Kisha akainama kwa Aune. “Picha ya ukurasa wa 112. Naandika hivi: Aune Turpeinen, mfanyakazi wa kiwanda cha siagi. Neno ‘mwanafunzi’ nalifuta, au siyo?”

Aune aliweka kikombe chini. Mimi nilikuwa tayari kujibu kwamba ndiyo, lifutwe, maana ndilo lililokuwa limenichoma muda wote huo.

“Usilifute,” alisema.

“Lakini ulikuwa unafanya kazi kiwandani.”

“Miaka arobaini na mitano nilikuwa kiwandani, na hakuna aliyenipiga picha. Siku ile nilikaa, nikasikiliza, nikauliza, nikapewa chaki. Kama huko siko kusoma, basi nyie mnafanya nini humu ndani?” Aligonga karatasi kwa kidole. “Andika mwanafunzi.”

Reetta aliandika, kisha akamgeuzia karatasi aone kama jina limekaa sawa.